Kubadili lugha ndani ya Krita: ni jambo zuri, ila ijue kwanza njia ya kurudi

Brashi za Krita, programu ya bure ya kuchorea kwenye kompyuta, wengi wameshazisifia, na wamezisifia kwa haki. Ninachotaka kukikagua hapa ni kitu ambacho wakaguzi hukipita bila kukitazama: lugha ya menyu. Inabadilishwaje, ikibadilika inagusa nini na kuacha nini, na inakuwaje mtu anapojikuta mbele ya skrini ambayo hawezi kusoma hata neno moja. Msimamo wangu ni kwamba kuingia kwenye lugha mpya ni rahisi karibu kwenye kila programu. Programu hupimwa kwa njia ya kurudi, na kwenye njia hiyo ndipo Krita inaponifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja.

Kazi yangu ni kupaka rangi kurasa za hadithi za picha. Mistari huchorwa na mwenzangu anayetumia Krita ya Kifaransa, maandishi huwekwa na mwingine ambaye kila kitu chake kiko kwa Kihispania, na mimi nimezoea Kiingereza. Faili moja hupita mikononi mwetu wote. Juu ya hayo, mafunzo mazuri ya uchoraji hayaji kwa lugha moja. Kuna mwalimu ninayemfuata kwa video, anafundisha kwa Kihispania, na akisema fungua hiki uchague kile, jina analolitaja halimo kwenye menyu yangu. Kutafsiri kichwani huku mkono umeshika kalamu kunachosha sana. Nikiigeuza Krita ikawa kwa lugha yake, ninalinganisha tu maandishi ya skrini yake na ya kwangu, na somo linakwenda.

Wapo pia ambao hawakuomba lugha yoyote. Krita ikifunguliwa kwa mara ya kwanza hufuata lugha ya kompyuta, kwa hiyo kompyuta iliyopangwa kwa Kijerumani itakuletea Krita ya Kijerumani. Mpwa wangu alianza kujifunza kuchora kwenye kompyuta ya namna hiyo, na kabla hajapiga mstari wa kwanza aliniita: "Mjomba, hii imeandikwa nini?" Kwa mtu kama yeye, kubadili lugha ndiyo hatua ya kwanza ya uchoraji wenyewe.

Njia ni fupi. Fungua menyu ya "Settings" iliyo juu ya dirisha, shuka hadi "Switch Application Language", na dirisha dogo litakuuliza lugha kuu unayoitaka. Chagua, kubali, kisha ujumbe utakuambia kwamba lugha itabadilika utakapoifungua programu tena. Hupakui kitu cha ziada, hufungui akaunti wala hulipi. Ukiipakua Krita kutoka kwenye tovuti yake, tafsiri zote zinakuja ndani yake, na kuanzia hapo unabadilisha lugha hata kama huna intaneti. Watumiaji wa Debian, Ubuntu na jamaa zake, yaani mifumo ya Linux, wanaoiweka kwa njia ya kawaida ya mfumo wajue kitu kimoja: huko tafsiri hukaa kwenye kifurushi cha pembeni kinachoitwa krita-l10n. Ukiona orodha ya lugha ni fupi kupita kiasi, weka kifurushi hicho kwanza kabla hujailaumu programu.

Chini ya lugha kuu kuna kitufe kilichoandikwa "Add Fallback Language". Tafadhali usikipite. Ni lugha ya akiba, na kwangu mimi ndicho kitu bora zaidi katika dirisha zima. Krita hutafsiriwa na watu wa kujitolea wa KDE, jumuiya inayotengeneza programu huria, kila lugha ikiwa na kundi lake. Kundi lenye watu wengi humaliza karibu kila sentensi toleo linapotoka. Kundi la watu wachache hufika lilipofika, na sentensi zilizobaki huonekana kwa Kiingereza. Kwa hiyo unaweza kuwa kwenye lugha uliyoichagua, ukafungua filta isiyopendwa sana, na ghafla maelezo yote yakawa ya Kiingereza. Lugha ya akiba huziba pengo hilo. Mtumiaji wa Kigalisia akiweka Kihispania kama akiba, kila penye pengo atapata Kihispania anachokielewa badala ya Kiingereza kinachomtoa jasho. Akiba inaweza kuwa zaidi ya moja, na Krita huzipitia kwa mpangilio uliouweka.

Ila Kiingereza kikae mwisho siku zote. Maneno ya asili ya programu yameandikwa kwa Kiingereza, kwa maana hiyo Kiingereza hakina pengo popote, na lugha yoyote utakayoiweka nyuma yake haitapata nafasi ya kuonekana. Nimeona watu wakilalamika kwamba lugha ya akiba haifanyi kazi, na ukiutazama mpangilio wao unakuta Kiingereza kimekaa katikati.

Kuizima programu na kuiwasha tena kunakera, hilo sitalificha. Ninapokuwa na kurasa kadhaa wazi, picha ya mfano pembeni na rangi nimeshazipanga, kufunga kila kitu kwa ajili ya lugha ni kukatwa katikati ya kazi. Dawa imo ndani ya Krita yenyewe, ingawa wengi hawaijui. Kwenye menyu ya "File" kuna "Sessions". Hapo unahifadhi kikao chako kwa jina, yaani madirisha na mafaili yaliyo wazi, na baada ya kuwasha upya unakiita kikao hicho na kila kitu kinarudi. Hifadhi michoro yenyewe kwanza, kwa sababu kikao hukumbuka faili liko wapi, hakibebi mistari ambayo bado hujaihifadhi.

Hata hivyo najua inawezekana kufanya vizuri zaidi ya hapo, kwa sababu Blender inafanya. Blender wengi wanaijua kwa michoro ya pande tatu, lakini ina Grease Pencil, zana za kuchora kwa mkono ambazo wachoraji wa katuni wanazitegemea. Ukibadilisha lugha huko, menyu zinageuka papo hapo, huzimi kitu. Kwa mtu anayefuata somo kwa lugha moja na kufanya kazi kwa nyingine, tofauti hiyo ni kubwa sana, na ningependa Krita ifike huko siku moja.

Kinachonituliza ni kwamba mkono hauhisi mabadiliko. B inabaki kuwa brashi, E inabaki kuigeuza brashi kuwa kifutio, M inaipindua turubai kama unaitazama kwenye kioo, mabano ya mraba yanapunguza na kuongeza ukubwa wa brashi, 4 na 6 zinaizungusha turubai na 5 inairudisha wima. Aikoni za zana haziguswi. Nimepaka ukurasa mzima kwenye Krita ya Kijapani, lugha ambayo siwezi kuisoma, na kwa saa nzima sikuhitaji menyu. Kwa mwanafunzi hii ni sababu ya kuvijua vitufe vya mkato mapema: ukishavizoea, lugha ya programu inakuwa jambo la pembeni.

Watakaosumbuka ni waliozoea kufungua menyu kwa Alt pamoja na herufi. Herufi hiyo huchukuliwa kutoka kwenye jina la menyu, na jina likibadilika nayo hubadilika. Kama wewe ni wa kundi hilo, nenda "Configure Krita", sehemu ya "Keyboard Shortcuts", uipe kila amri unayoitumia mara kwa mara kitufe chake. Vitufe utakavyovipanga hapo havifuati lugha.

Kwenye leya, yaani matabaka ya mchoro yanayopangwa moja juu ya jingine, ndiko kuna mambo ya kuangaliwa kwa makini, hasa kwa wanaofanya kazi pamoja. Unapoongeza leya mpya, Krita huipa jina kwa lugha inayotumika wakati huo, na jina hilo huandikwa ndani ya faili. Ukibadilisha lugha baadaye, menyu zitageuka lakini leya za zamani zitabaki na majina yake ya mwanzo. Kwa mtu anayechora peke yake hilo ni dogo. Kwetu sisi watatu, ukurasa mmoja ulikuwa ukirudi kwangu na leya za Kifaransa chini, za Kiingereza katikati na za Kihispania juu, zote zikiwa na majina yale ya kujiandika yenye namba mwishoni. Leya namba tatu ya nani? Ya kivuli au ya majaribio? Kwenye ukurasa wenye leya nyingi, swali kama hilo linakula muda, na siku moja mtu atafuta leya iliyokuwa na kazi ya mwenzake.

Tulikubaliana kwamba hakuna faili linalotoka kwa mtu likiwa na leya yenye jina la kujiandika. Kila leya inapewa jina la mkono, fupi, kwa maneno ambayo sote watatu tunayajua, na pia inapewa rangi. Krita hukuruhusu kuibofya leya kwa kitufe cha kulia na kuichagulia rangi ya utambulisho, kisha kwenye orodha ya leya unaweza kuchuja uone za rangi fulani tu. Bluu kwetu ni mistari, kijani ni rangi za msingi, nyekundu ni vivuli. Rangi haina lugha, na tangu tuanze utaratibu huo maswali yameisha.

Hapo pia Blender imefikiri mbele. Kwenye mipangilio yake ya tafsiri kuna visanduku tofauti vya kuweka tiki: kimoja cha menyu, kingine cha maelezo madogo yanayotokea ukiweka kishale juu ya kitufe, na kingine cha majina ya vitu vipya. Unaweza kuwa na menyu kwa Kifaransa huku majina ya vitu unavyoviunda yakibaki kwa Kiingereza, ili faili likimfikia mwenzako asikute majina asiyoyaelewa. Ni kisanduku kimoja tu, na kingetuondolea mvurugano wote nilioueleza.

Kuna rafiki aliyeniuliza kama kubadili lugha kunaweza kuharibu mchoro. Swali lake lina msingi, kwa sababu mtu akiona "Multiply", hali ya kuchanganya rangi inayotumika kwa vivuli, imegeuka kuwa neno lingine anajiuliza kama leya ya kivuli nayo imegeuka. Haijageuka. Faili la .kra, ambamo Krita huhifadhi mchoro, kwa undani wake ni zipu, yaani kifurushi chenye mafaili mengine ndani yake. Ukilifungua unakuta, pamoja na mengine, faili la maandishi linaloitwa maindoc.xml, na humo hali ya kuchanganya rangi ya kila leya imeandikwa kwa jina la ndani lisilobadilika, multiply kwa herufi ndogo, hata kama aliyeichagua alikuwa na Krita ya Kikorea. Menyu husoma jina hilo la ndani na kukuonyesha tafsiri yake. Rangi, uwazi wa leya na vivuli vyote vinabaki kama vilivyo. Kinachosafiri na lugha ya mtu ni yale majina ya leya tu.

Sasa nizungumzie kupotea. Iko programu moja ya kulipia, sitaitaja, ambayo baada ya kusasishwa iliniamkia ikiwa na lugha nisiyoijua kabisa, hata herufi zake. Mpangilio wa lugha ulikuwa umefichwa ndani ya dirisha lenye kurasa nyingi, kila ukurasa na orodha yake ndefu, na hapakuwa na alama yoyote ya kumwongoza asiyeweza kusoma. Mwishowe niliiondoa nikaiweka upya, na brashi nilizokuwa nimezitengeneza mwenyewe zikaondoka nayo. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo. Mtu anatengeneza brashi kwa kuijaribu na kuirekebisha muda mrefu mpaka iandike kama mkono wake unavyotaka. Kuipoteza kwa sababu ya lugha ya menyu ni hasara isiyo na maana yoyote.

Ndiyo sababu ninapoikagua Krita ninaanzia kwenye swali hilo. Ukijikuta kwenye lugha usiyoisoma, tafuta mahali, usitafute jina. Menyu ya "Settings" ni ya tatu kutoka mwisho wa mstari wa juu: ya mwisho ni ya msaada, inayoitangulia ni ya madirisha, na inayofuata kwenda kushoto ndiyo yenyewe. Kabla ya kubadilisha lugha, ifungue ukiwa bado unaelewa kilichoandikwa, upige picha ya skrini, uiweke mahali utakapoipata. Picha hiyo itakuonyesha mstari wa lugha ni wa ngapi kwenye orodha, na hilo ndilo utakalolihitaji kila kitu kikiwa kimeandikwa kwa herufi ngeni.

Hata hilo likishindikana, kuna njia isiyohitaji kusoma chochote ndani ya programu. Krita huandika lugha uliyoichagua kwenye faili dogo la pekee yake, klanguageoverridesrc. Kwenye Windows linakaa ndani ya folda ya %LOCALAPPDATA%, kwenye Linux ndani ya ~/.config, na kwenye kompyuta za Apple ndani ya ~/Library/Preferences. Zima Krita, lifute faili hilo, iwashe tena, nayo itarudi kwenye lugha ya kompyuta yako. Brashi hazigusiki, mpangilio wa madirisha haugusiki, vitufe ulivyojipangia vinabaki, maana hivyo vimehifadhiwa kwingine. Watu wa Linux tu ndio waangalie: faili hilo linaweza kutumiwa pia na programu nyingine za KDE, kwa hiyo ni salama zaidi kulifungua na kuufuta mstari wa krita peke yake kuliko kulifuta lote.

Huu ni uamuzi mzuri wa waliotengeneza programu, na ninawapongeza kwa moyo wote. Lugha imewekwa mbali na mipangilio mingine, kwa hiyo kuirudisha hakugharimu kitu. Tatizo ni kwamba anayejua habari za faili hilo ni yule ambaye tayari anajua kutafuta. Mpwa wangu asingelifikia kamwe.

GIMP, programu nyingine ya kuchora na kuhariri picha ambayo ilitangazwa mwaka 1995 na bado inatumika na wachoraji wengi, ina mpangilio wa lugha ndani ya "Edit", "Preferences", sehemu ya "Interface". Nayo inataka kuzimwa na kuwashwa. Kinachonivutia kwake ni kwamba kwenye orodha kila lugha imeandikwa kwa jina ambalo wenyewe wanaliita. Mfaransa anatafuta "français", Mjerumani anatafuta "Deutsch", hata kama menyu nyingine zote zimeandikwa kwa lugha wasiyoijua. Ni heshima ndogo kwa mtumiaji aliyepotea. Watumiaji wa Linux wana njia nyingine: wakiacha mpangilio wa lugha ufuate mfumo, wanaweza kuandika LANGUAGE=en gimp kwenye dirisha la amri, na GIMP itafunguka kwa Kiingereza kwa mara hiyo moja. Kwa somo la nusu saa, hiyo inanitosha.

Photoshop inakwenda kwa utaratibu tofauti. Lugha mpya kwanza inashushwa kupitia programu ya Creative Cloud, ndipo inaonekana kwenye mipangilio ya Photoshop, sehemu ya "Interface". Kwa aliye na intaneti ya uhakika haina shida, ila haifanani na Krita, ambako lugha zote unazo tayari mkononi.

Kwenye tableti hali ni nyingine kabisa, na naona huko ndiko njia ya kurudi imetatuliwa vizuri kuliko kote. Procreate, programu ya kuchorea kwenye iPad, hubadilishiwa lugha nje ya programu, kwenye mipangilio ya iPad yenyewe: unafungua "Settings", unaitafuta Procreate, unachagua lugha. Uwezo huo wa kuipa kila programu lugha yake ulikuja na toleo la 13 la mfumo wa iPad mwaka 2019, na Android ikaufuata kwenye toleo lake la 13 mwaka 2022. Usipouona mstari wa lugha kwenye iPad, ongeza kwanza lugha ya pili kwenye orodha ya lugha za kifaa, ndipo utatokea. Uzuri wake ni kwamba hata Procreate ikigeuka kuwa ya Kichina, mahali pa kuirudishia pako nje yake, kwa lugha unayoisoma kila siku.

Jambo la upana wa maneno nalipitia haraka. Kijerumani na Kirusi vina majina marefu, na kwenye skrini ya 1366 kwa 768 paneli za pembeni zinaweza kunenepa na kuila turubai. Bonyeza Tab, paneli zote zinajificha na mchoro unabaki peke yake. Bonyeza tena, zinarudi.

Kiswahili sijakikuta kwenye orodha ya Krita ninayoitumia, na hili linaniuma kuliko kuzima na kuwasha. Chombo cha kuchorea kinachopakuliwa bure, ambacho hakimdai kijana chochote zaidi ya kompyuta na kalamu yake, kingestahili kumpokea kwa lugha yake. Njia ya kukiingiza ipo wazi. Tafsiri za KDE hukaa kwenye mafaili ya PO, ambayo ni sentensi ya Kiingereza na chini yake nafasi ya kuandika ya kwako, na huhitaji kujua kuandika programu. Kuna zana inaitwa Lokalize iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na mwenye nia huanzia kwenye tovuti ya l10n.kde.org. Sentensi za Krita ni maelfu, hiyo si kazi ya mtu mmoja kwa mwisho wa wiki. Lakini kumbuka lugha ya akiba: hata tafsiri iliyofika robo inatumika. Menyu kuu, majina ya zana na maelezo ya brashi yakitafsiriwa kwanza, mengine yakabaki kwa Kiingereza, mwanafunzi tayari ana mahali pa kushika. Ningeanza na hayo, na filta ngumu zingesubiri.

Je, naipendekeza Krita kwa mtu anayehitaji kuhama lugha mara kwa mara? Naipendekeza bila kusita kwa anayefuata masomo ya lugha mbalimbali na kwa anayetumia kompyuta moja na wenzake, ilimradi kila mtu awe na jina lake la kuingilia kwenye kompyuta, kwa kuwa lugha hufuata jina hilo. Kwa kikundi kinachopeana mafaili naipendekeza pia, mkishakubaliana majina na rangi za leya kabla ya ukurasa wa kwanza. Kwa mwanafunzi asiye na mtu wa kumwelekeza, nasema aiweke, ila amtafute mtu akae naye siku ya kwanza.

Ninachowaomba waliotengeneza Krita ni kimoja. Ukiifungua kabla ya kuanza mchoro, unakutana na ukurasa wa kukaribisha, wenye mafaili ya karibuni na viungo vya mafunzo. Kwenye toleo langu, kitufe cha lugha hakipo hapo. Kiwekwe, kwenye kona, chenye mchoro wa dunia usiohitaji kusomwa, na kikibonyezwa kila lugha ionekane kwa jina ambalo wenyewe wanaliita. Maombi ya namna hiyo hujadiliwa kwenye jukwaa la krita-artists.org, langu naliandaa, na mwenye kuliunga mkono aongeze maelezo yake huko, aseme anatumia lugha gani na ilimkwamisha wapi.